Bawaba ya Chini

Tororo, 14 Februari 1938

Kwa kaka yangu Oguttu, Masafu,

Kalamu hii inaanza kwa kukusalimu wewe na shemeji Nangila, na watoto mmoja mmoja, na kuliko wote baba yetu. Sisi huku tu wazima. Dorcas amejifungua mtoto wa kike tarehe mbili, kichwa kikubwa kama cha kwetu, analia mpaka jirani anabisha hodi kuuliza kuna nini. Mvua bado. Vumbi tunalila pamoja na ugali.

Sasa neno lenyewe. Padri anajenga kanisa jipya la matofali upande wa Kisoko, na mimi ndiye fundi mkuu wa maseremala. Milango minne, madirisha ishirini na mawili, yote ya mbao za mvule, na kila dirisha lina vibao viwili vya kufunga na kufungua. Bawaba za dukani Padri hazitaki kabisa. Anasema ni nyembamba, mvua mbili tu zimeliwa na kutu. Anataka za kufuliwa kwa mkono, ndefu, zilale juu ya ubao mpaka karibu nusu ya mlango. Kuchagua mhunzi ameniachia mimi.

Wako wawili. Mmoja ni Odoi, wa hapa hapa Kisoko, mtu hodari. Wa pili ni wewe. Kila mmoja alete jozi mbili za kuonyesha, moja ya mlango, moja ya dirisha. Tafadhali zifue sawasawa. Wewe hujawahi kutundika mlango, kwa hiyo nikueleze: bawaba ya juu ndiyo inayobeba mzigo, ya chini inasindikiza tu. Lakini mhunzi hajui ipi itakwenda wapi, basi zote zifue kama za juu.

Nakuandikia kwa sababu Dorcas amesema si vizuri kumruka ndugu. Mimi mwenyewe ningenyamaza, sikufichi.

Na nyundo ya babu je, baba alishakupa? Unakumbuka baba alivyotusimulia. Yeye hakupewa mkononi. Babu alimtumia mzigo wa majembe, ameufunga kwa fundo lake, hakusema kitu, baba akaufungua mwenyewe akaikuta ndani. Ndivyo inavyopewa kwetu: haitangazwi, na anayefungua ndiye mwenyewe. Nadhani uliporudi kutoka jeshini mzigo wako ulikuwa unakungoja. Miaka mitatu uliyokuwa na bunduki, ni nani aliyevuta mivukuto ya baba? Ni nani aliyechoma makaa? Ukarudi na kofia yako, mimi nikaonyeshwa njia ya Tororo. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Mlango wa baba bado unaning'inia kwa ngozi ya ng'ombe? Nyumba ya mhunzi hiyo! Dorcas akikumbuka anacheka mpaka anashika mbavu.

Ni mimi,
Mangeni, Fundi Mkuu


Masafu, 28 Machi 1938

Ndugu yangu Mangeni,

Salamu zako zimefika zimechakaa. Lori la pamba la Owor lilivunjika ekseli, barua yako ikakaa kwake siku kumi na tatu chini ya kiti. Lakini zimefika, tumezipokea. Mpe pole na hongera Dorcas. Nangila amecheka habari ya kichwa, anasema ni cha upande wenu nyinyi wawili, wa kwake wana vichwa vya kawaida. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi nimeungua mguu kwa kipande cha chuma, kidonda kinapona polepole. Baba jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia anaona mwanga na kivuli cha mtu.

Bawaba nimempa Owor. Jozi mbili kama ulivyosema, zimechovywa katika nta zingali na moto, hazitashika kutu. Chuma ni cha vilima vyetu vya Samia, si chakavu cha reli. Kazi ni nzuri. Ukiipa macho utaona mwenyewe.

Swali lako la nyundo nimeliruka.

Lakini kwa kuwa umeanza kuhesabu miaka, na mimi nihesabu. Wewe una baiskeli. Una viatu. Una Padri anayekuita fundi mkuu. Unakuja hapa mara moja kwa mwaka, siku mbili, na baba anachinja jogoo na kuwaita majirani waje wamwone Mangeni wa Tororo. Mimi niko hapa kila siku ya Mungu. Namwongoza chooni, namkata kucha, namwambia kama kumekucha. Mimi nani amenichinjia jogoo? Hata kifaranga.

Na ndiyo, mlango wake ni wa ngozi. Mwambie Dorcas acheke. Seremala wa familia hii yuko Tororo.

Wako,
Oguttu


Tororo, 20 Aprili 1938

Kaka Oguttu,

Heri ya Pasaka kwenu nyote. Hapa tuliimba mpaka sauti zikakauka, na mvua ikaja Jumapili ile ile, watu wakalowa wakifurahi. Mtoto tumembatiza, anaitwa Maggie, jina la mama yake Padri, Padri mwenyewe ndiye aliyelitaka. Pole kwa mguu. Paka asali.

Mzigo wako niliupokea Alhamisi Kuu. Padri amekwenda Jinja kutafuta chokaa, hajarudi. Za Odoi tumeshazitundika kwenye mlango wa kujaribia, zinakwenda bila sauti. Za kwako zitapata zamu yake.

Siwezi kuandika mengi, kazi imenikaba.

Mangeni, Fundi Mkuu


Masafu, 8 Mei 1938

Ndugu Mangeni,

Tunamshukuru Mungu kwa jina la mtoto. Huku mahindi yamefika gotini, Nangila amepalilia mara moja, na mguu wangu umefunga. Ile asali ilivuta siafu, lakini ahsante.

Nakuandikia kwa sababu ya baba. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, ananiuliza, "Mangeni amesema nini?" Namjibu, bado. Jioni anauliza tena. Lori likipita barabarani ananyanyua kichwa. Jana nilimwambia, "Baba, kuna mimi pia, niulize mimi nimesema nini." Akacheka, akadhani ni mzaha.

Basi sema neno. Zimependeza au hazikupendeza? Uliziona? Umeridhika? Andika mistari miwili tu nimsomee mzee alale. Sitaki sifa yoyote kutoka kwako, nataka nyumba yangu itulie.

Oguttu


Tororo, 3 Juni 1938

Kaka Oguttu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na baba hajambo. Maggie amepata jino la kwanza. Dorcas alikuwa na homa wiki nzima, sasa ameshika jembe tena. Kuta za kanisa zimefika juu ya madirisha.

Najua unangoja neno la bawaba. Nimechelewa kwa sababu sikupenda kuliandika. Padri ameziangalia, nami nimezijaribu kwa mikono yangu, mlango na dirisha. Haya ndiyo tuliyoona. Pale chuma kilipokunjwa kupitisha pini, tundu ni pana, pini inacheza. Ukifungua mlango zinalia. Ya kushoto imepungua urefu kidogo ukilinganisha na ya kulia. Kwa ujumla inaonekana mkono wa mfuaji umechoka, au moyo wake haukuwa kwenye kazi.

Kwa hiyo kazi amepewa Odoi. Usione vibaya, huku ni mambo ya ufundi, hakuna undugu. Nimekurudishia mzigo kwa mkono wa Owor, labda utapata mtu wa kuzitumia huko kwenu.

Wasalimie wote.

Mangeni, Fundi Mkuu


Masafu, 21 Juni 1938

Mangeni,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki.

Owor alileta mzigo Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa ameketi kivulini karibu na mivukuto. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Uliposema tundu ni pana, alikunja uso. Uliposema zinalia, aliuliza, "Zinalia?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Niliposoma pale pa mkono uliochoka, aliinua mikono yake akaushika mmoja kwa mwingine, akaiweka mapajani.

Basi jua, bwana fundi mkuu. Zile bawaba sikuzifua mimi. Alizifua baba. Mimi nilishika koleo na kumwambia chuma kimefika rangi gani, yeye akapiga. Siku nne alipiga. Alipomaliza ya mwisho alilala kitandani siku mbili, Nangila akimnywesha uji.

Baba akasema, "Nipe huo mzigo." Nikampa. Akapapasa kamba mpaka akafika kwenye fundo, akalisugua kwa kidole gumba, huku na huku. Unalijua fundo lake. Ncha inarudishwa ndani mara mbili, halafu anaikaza kwa meno. Hakuna mtu mwingine Masafu anayefunga hivyo. Akasema, "Oguttu, hili ni fundo langu."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akasema, "Halijafunguliwa."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Wewe Mangeni! Ulizijaribu kwenye mlango gani? Padri aliziangalia kwa macho gani, ya kupenya gunia? Ulizisikiaje zikilia, nazo zimo ndani ya kamba za mgomba jinsi zilivyotoka hapa? Shetani gani alikushika kalamu?

Baba aliniambia nifungue. Nilikata kwa kisu, vidole vyangu vilikataa kufungua. Zikatoka jozi mbili, nyeusi, nta yake bado ina alama za vidole vyake. Na katikati, imeviringishwa katika kitambaa cha gome, nyundo ya babu.

Ndiyo. Hiyo hiyo uliyoniulizia. Ilikuwa yako. Imekaa kwako wiki tisa na umeirudisha kwa lori la pamba.

Baba aliipapasa mpini, akasema, "Basi hakuitaka." Akasimama, akashika ukuta, akaingia ndani peke yake.

Nangila anakusalimu. Mimi sina.

Oguttu


Tororo, 4 Julai 1938

Kaka yangu Oguttu,

Nakusalimu ingawa hukunisalimu. Nyumbani kwangu ni wazima isipokuwa mimi. Dorcas alisoma barua yako kabla yangu, maana nilikuwa kazini. Niliporudi aliniandalia meza, akaiweka mbele ya chakula, akatoka nje na mtoto. Hajanisemesha mpaka leo ila mambo ya chumvi na maji.

Sina la kujitetea. Nitakueleza ilivyokuwa, ukipenda ichane barua hii, ukipenda msomee baba.

Alhamisi ile Owor alisimamisha lori mbele ya karakana, akapiga kelele, "Mzigo wa Oguttu, mhunzi wa Masafu!" Maseremala wangu wote wakaacha randa na misumeno. Mzee mmoja akanitazama akasema, "Kumbe wewe ni mdogo wake Oguttu! Mbona hukusema?" Wakaanza kunishika mkono. Miaka minne nawafundisha hawa watu kazi, miaka minne ni Fundi Mkuu, na dakika moja tu nimekuwa mdogo wake Oguttu. Nilichukua mzigo nikausukuma kwa mguu chini ya benchi, kwenye maranda. Ulikuwa mzito kuliko jozi mbili za bawaba, nililiona hilo. Nikasema huyu amefua bawaba nene ili anionyeshe.

Halafu nikaanza kufikiri. Milango naichonga mimi. Mbao nazichagua mimi. Lakini kila Jumapili watu watasukuma mlango wangu na kusema, chuma cha Oguttu hicho, ona kilivyotulia. Nikasema haiwezekani. Hata Tororo? Hata huku nilikokimbilia? Padri hakuziona. Hakuna aliyeziona. Yale maneno ya tundu na pini na kulia niliyatunga nimeketi kwenye kitanda changu, na pale pa mkono uliochoka nilitafuta neno litakalokuuma wewe. Nililipata, likampata baba.

Dorcas aliniambia mara mbili, fungua basi uone ndugu yako kafanya nini. Nikamfokea. Na desturi yetu ya fundo ninaijua, mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikia Februari. Lakini nilishakata shauri kwamba nyundo iko kwako tangu siku ulipovua kofia ya jeshi. Ningeitafuta chini ya benchi langu kwa nini?

Nimemwambia Padri kweli. Alisema kazi ya Odoi imeshaanza, haiwezi kurudi. Na bawaba za Odoi ni nzuri, sitasema uongo mwingine.

Kaka, itumeni tena. Ifungeni hata katika matambara. Nitafungua mbele ya maseremala wote, nitawaambia ni ya nani. Mwambie baba niliitaka. Niliitaka tangu nikiwa navuta mivukuto. Hakuna kitu nimekitaka kama hicho.

Mangeni


Masafu, 30 Agosti 1938

Ndugu yangu Mangeni,

Nakusalimu. Msalimie Dorcas na mtoto. Barua yako ya Julai ilifika Julai hiyo hiyo, Owor hakuchelewa. Mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa nakuhukumu, na kila nikikuhukumu najikuta nami nimesimama hapo hapo kizimbani, nikaweka kalamu chini. Nangila ndiye amenisukuma leo. Amesema nisipoandika hatanipakulia.

Mzigo ule baba alipoufunga nilikuwapo. Niliiona nyundo ikiingia. Nikamuuliza, "Baba, na mimi?" Akasema, "Wewe una kibanda, una fuawe, una mivukuto, unaniona kila siku. Mwenzako ana nini cha kwetu?" Halafu akaniambia, "Mwandikie afungue mwenyewe, kwa mkono wake, asimpe mtu." Ndugu yangu, hayo maneno sikuyaandika. Iangalie barua yangu ya Machi, hayamo. Nilisema moyoni, akifungua atajua, asipofungua si kosa langu. Hata jina la mfuaji sikuliandika. Nilikuachia udhani ni mimi.

Nakwambia zaidi. Niliomba lori la Owor litumbukie mto Malaba. Owor mwenyewe aogelee atoke, sikumtakia mabaya, lakini mzigo ubaki chini na samaki. Kila asubuhi baba alipouliza umesema nini, na mimi nikajibu bado, moyo wangu ulikuwa unacheka. Na barua yako ya Juni ningeweza kuruka maneno mawili matatu, mzee hasomi, angejuaje? Nilisoma yote. Nilitaka asikie kipenzi chake anavyosema.

Hayo ni yangu. Sasa ya nyundo.

Haiwezi kutumwa tena. Unajua pia nusu ya pili ya desturi: nyundo iliyorudi na fundo lake haigongi tena chuma. Baba hakubadili neno. Alikaa wiki tatu, kisha akaniambia niwashe moto. Nilimwomba anipe mimi. Ndiyo, niliomba, tena nilimshika magoti, sina haya ya kukwambia. Akasema, "Wewe hukufungiwa." Basi.

Akaniamuru niitie motoni, niifue bawaba mbili. Nimeifua nyundo ya babu kwa nyundo ya dukani, Mangeni. Ilikuwa chuma kigumu, ilinikatalia nusu siku. Nililia, wala si kwa moshi. Baba alikaa pembeni akisikiliza mapigo, nikikosea ananiambia, geuza.

Zimetoka mbili, si zaidi. Moja ni yako, moja ni yangu. Hivyo ndivyo alivyosema. Yako anayo Owor, baba ameifunga. Anasema amechoka na mlango wa ngozi, anataka mlango wa mbao wenye bawaba hizo mbili, akiusukuma ajue ni sisi.

Kwa hiyo mlango ni kazi yako. Na kuna jambo la juu na chini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ya juu ndiyo inayobeba na ya chini inasindikiza tu. Nilimuuliza baba ya nani itakaa juu. Akasema, "Mkaulizane." Mimi nasema ya juu ni yangu. Mimi ni mkubwa, na mimi ndiye niliyembeba huyu mzee miaka yote hii. Nijibu.

Oguttu


Tororo, 12 Septemba 1938

Kaka Oguttu,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Mwambie Nangila akupakulie, barua umeandika. Huku Dorcas amenisemesha. Ilikuwa siku mzigo ulipofika. Niliketi sakafuni, nikalifungua lile fundo kwa kucha, sikukata. Lilinichukua muda mrefu mpaka Maggie akatambaa akaja kushika kamba. Dorcas alisimama mlangoni akitazama, kisha akasema, "Haya, sasa umekuwa mtu." Kamba nimeitunza.

Bawaba nimeiona. Mahali pamoja upande wa nyuma hukuponda sawasawa, kimebaki kipande cha uso wa nyundo, duara nusu. Umekiacha makusudi, au mkono ulichoka? Nakutania tu. Sitakilainisha.

Uliyoniungamia nimeyasoma mara tatu. Nilitaka kukasirika, nikatafuta mahali pa kuanzia, sikupata. Tumefanana mno mimi na wewe, ndiyo shida yetu.

Mlango uko tayari. Padri aliniachia mbao za mvule zilizobaki, nimeuchonga jioni tano. Nimekata nafasi ya bawaba juu na chini, vipimo sawa. Owor atatubeba, mimi na mlango, Jumamosi tarehe ishirini na nne. Usichinje jogoo. Kama ni lazima, achinjiwe Oguttu.

Sasa neno la juu na chini. Weka yako juu. Sisemi hivyo kwa upole, kaka, bado linaniuma nikiandika hapa, nimefuta mara mbili. Ni haki yako, umembeba. Lakini kuna jambo la kazi yetu usilolijua. Bawaba ya juu fundi huiweka akiwa amesimama. Ya chini haiwekeki hivyo, lazima apige magoti, uso wake uwe karibu na kizingiti. Na mimi nina sababu ya kupiga magoti mlangoni kwa baba, ila sikujua ningeanzaje.

Mwambie akae ndani, karibu na mwimo wa mlango, asikie nikigonga misumari.

Mdogo wake Oguttu,
Mangeni